Disney World na mama, watoto na shemeji: nunua hoteli kwanza, tiketi baadaye

Ukisikia ndugu wanapanga kwenda Disney World, mazungumzo yanaanza na bei ya tiketi. Mimi nasema yaanze na choo. Sisi tulikuwa saba: mimi na mume wangu, watoto watatu (wa miaka saba, wa minne, na mmoja wa mwaka na nusu), shemeji yangu anayesoma chuo, na mama yangu aliyefika kwetu Texas kutoka Tanga wiki mbili kabla, na magoti yake. Kundi la namna hiyo likipewa bafu moja, ugomvi huanza saa kumi na mbili asubuhi, hata foleni ya kwanza hamjaiona.

Kwa asiyepajua: Walt Disney World iko karibu na Orlando, Florida, na ilifunguliwa Oktoba 1971. Ndani yake mna viwanja vinne vya burudani, yaani Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom, pamoja na viwili vya maji na hoteli zaidi ya ishirini. Ni eneo kubwa mno. Kutoka hoteli moja hadi kiwanja kimoja mara nyingi ni safari ya basi. Na kwa kuwa mtoto mdogo hulala mchana, na jua la Florida la Juni hadi Septemba linafuatwa na mvua ya radi ya alasiri, karibu kila siku mtarudi chumbani saa saba na kutoka tena saa kumi na moja. Hayo masaa manne ndiyo unayoyanunua unapochagua hoteli.

Kwa hiyo nimezipanga kwa vipimo vyangu vinne: bafu ngapi, kuna mlango unaofungika kati ya mtoto aliyelala na watu wazima wanaopiga soga, kuna jiko, na bibi anarudije chumbani akichoka kabla ya wenzake.

Jambo moja kabla ya orodha. Kama mzazi anakuja kwa viza kutoka nyumbani, usilipe kitu kisichorudishwa mpaka viza iwe imegongwa kwenye pasipoti. Chumba cha Disney kikikatwa peke yake, bila tiketi ndani, unaweza kukifuta hadi siku tano kabla na kurudishiwa malipo ya awali. Pointi za kukodi, ambazo nitazieleza, kwa kawaida hazirudishwi. Hilo peke yake linaweza kubadilisha namba moja yangu kuwa namba mbili yako.

1. Kidani Village, nyumba ya vyumba viwili

Hapa naegemea upande, nakiri. Hii ni sehemu ya Animal Kingdom Lodge, na ukifika unaanza kusoma vibao kama uko nyumbani. Jengo la kwanza linaitwa Jambo House, la pili Kidani. Bwawa la Kidani ni Samawati Springs, pembeni yake kuna sehemu ya watoto kurushiana maji inaitwa Uwanja Camp, na mkahawa unaitwa Sanaa. Mama alisimama mbele ya kibao cha bwawa akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, halafu akauliza ni Mswahili gani amepewa kazi hii na kama amelipwa.

Lakini siyo majina niliyolipia. Nyumba ya vyumba viwili pale inachukua watu tisa na ina mabafu matatu. Rudia hapo: matatu. Ina jiko kamili, lenye jiko la kupikia, friji kubwa na vyombo, na ina mashine ya kufulia na ya kukaushia ndani kwa ndani. Mtoto akitapika saa nane usiku, mashuka yanafuliwa bila mtu kutafuta viatu.

Halafu kuna baraza. Ukichukua chumba kinachotazama savana (uhakikishe imeandikwa hivyo, maana vingine vinatazama maegesho au bwawa), wanyama wanapita chini yako: twiga, pundamilia, ng'ombe wa Ankole wenye pembe kama mikono ya mtu anayeomba dua, na ukibahatika, okapi. Asubuhi ya pili nilimkuta mama nje na kanga begani, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi, mdogo akiwa amelala mapajani. Twiga alikuwa anakula majani karibu kiasi cha kusikia akitafuna. Akaniambia, "Nyie nendeni. Mimi leo nimeshafika." Siku hiyo hakutumia tiketi yake, na ndiyo siku aliyoisimulia Tanga nzima.

Kasoro zipo. Kutoka hapo hakuna monoreli (treni ya reli moja) wala boti, ni basi tu, na Magic Kingdom iko mbali. Jengo lenyewe ni refu mno. Kutoka mapokezi hadi chumba cha mwisho magoti yatakulaani, basi omba chumba karibu na lifti. Na ukilipa moja kwa moja kwa Disney, bei yake inatisha.

Hapo ndipo pointi zinapoingia. Watu wanaomiliki sehemu ya nyumba hizi kupitia Disney Vacation Club hupewa pointi kila mwaka, na wasiozitumia huzikodisha, wengi kwa kupitia mawakala. Chumba ni kilekile, bei huwa chini sana ya ile ya Disney. Hasara ni mbili: hupati usafi wa kila siku, na mkataba ukishasainiwa umesainiwa. Tafuta miezi kadhaa mapema, kwa sababu nyumba za vyumba viwili zinazotazama savana zinaisha haraka.

Neno kwa Waislamu na kwa yeyote asiyetumia kileo: kule Jambo House kuna bufee maarufu, Boma, na kitindamlo chake kinachosifiwa kuliko vyote ni vibumba vya chokoleti yenye michirizi kama pundamilia, Zebra Domes. Vina Amarula ndani. Amarula ni pombe. Mama alikuwa ameshaweka vitatu kwenye sahani nilipomfikia. Muulizeni mpishi kabla ya kula, wanatoka jikoni wenyewe na kueleza bila kununa. Kama ni mimi, ningekula Sanaa mchana: mkate wa naan wa aina mbalimbali na achari kibao, dirisha zima ni savana.

2. Art of Animation, chumba cha familia

Mkiwa sita au pungufu, au viza ya bibi bado haijatoka, chukueni hii na msijute. Hoteli ilifunguliwa 2012 na iko kwenye kundi la bei nafuu la Disney, ingawa vyumba vya familia si rahisi kama jina la kundi linavyodai. Kila kimoja kina mabafu mawili, chumba cha kulala chenye mlango, sebule yenye kochi linalogeuka kitanda, na meza ya chakula ambayo ikiangushwa inakuwa kitanda kingine. Watoto wangu walifungua na kufunga ile meza mpaka shemeji akaikalia makusudi.

Jiko hakuna. Kuna friji ndogo na maikrowevu, basi. Pilau mtapasha, hamtapika.

Kinachoipandisha juu ni usafiri. Tangu Septemba 2019 kuna Skyliner, vibanda vinavyoning'inia kwenye waya na kupita juu ya miti hadi EPCOT na Hollywood Studios. Kigari cha mtoto kinaingia bila kukunjwa, kiti cha magurudumu kinaingia pia, na kituoni kuna sehemu ambapo kibanda husimama kabisa ili mtu apande taratibu. Ila hakuna kiyoyozi ndani, ni upepo tu, na radi ikianza kupiga wanasimamisha huduma. Kwa hiyo alasiri ya Julai usiwe na mpango mmoja.

Angalia jina la chumba unapolipia. Vya Nemo, Cars na Lion King ndivyo vya familia. Vya Little Mermaid ni vyumba vya kawaida vya watu wanne, na viko mbali kuliko vyote kutoka jengo kuu. Nemo ndiyo ningechagua, kwa sababu ukifungua mlango bwawa kubwa liko pale.

3. Nyumba ya kupanga, Kissimmee

Mkiwa kumi na kuendelea, hamna ujanja, ni Kissimmee, mji jirani na Disney. Familia nyingi za Kiafrika ninazozijua hufanya hivi: nyumba ya vyumba vitano, bwawa nyuma, jiko la kupikia ubwabwa wa watu wote, na wajomba wanakuja kwa magari kutoka Georgia na Carolina. Kwa kichwa kimoja ni rahisi kuliko chochote kwenye orodha hii.

Sisi tulianza hivyo mwaka wa kwanza. Kiyoyozi kilikufa usiku wa pili, mwezi wa Julai, na mwenye nyumba akaanza kujibu ujumbe kesho yake jioni. Tulilala sebuleni wote kwenye feni moja. Tangu siku ile nasoma maoni ya wageni wa karibuni tu, natafuta neno "kiyoyozi" na neno "alijibu", na nauliza kama bwawa lina uzio au king'ora cha mlango. Kwa mtoto wa mwaka na nusu, bwawa lisilo na uzio ni sababu ya kuiacha nyumba hata kama ni nzuri namna gani.

Na pigeni hesabu yote. Bei ya tangazo haina ada ya usafi, wala kodi, ambayo kaunti ya Osceola, iliko Kissimmee, ni asilimia 13.5. Maegesho kwenye viwanja mtalipia kila siku, wakati mgeni wa hoteli za Disney halipi. Pia mnakosa zile dakika 30 za kuingia mapema ambazo wageni wa hoteli hupewa kila siku kwenye kila kiwanja. Dakika 30 zinasikika kidogo, lakini na watoto wanaoamka alfajiri ndizo zilizotupandisha vyombo viwili vya burudani kabla umati haujafika. Zaidi ya yote, bibi akichoka saa sita, lazima mtu mmoja aache kila kitu amwendeshe nyumbani.

4. Contemporary au Polynesian

Kwa mwenye uwezo. Zote mbili zilifunguliwa pamoja na Magic Kingdom mwaka 1971, na monoreli inazipitia. Kwenye Contemporary inapita katikati ya jengo, jambo ambalo mwanangu wa miaka minne aliliona kubwa kuliko kasri la Cinderella. Kutoka Contemporary unaweza hata kutembea hadi mlango wa Magic Kingdom, na kurudi na mtoto aliyelala kwenye kigari bila kukunja chochote.

Mbona ziko ya nne, basi? Kwa sababu watu saba wanahitaji vyumba viwili vya kawaida, kila kimoja kwa bei ya kuuza ng'ombe, na bado hakuna jiko. Ningeichukua kwa usiku mmoja tu, wa mwisho.

5. Vibanda vya Fort Wilderness

Vipya kabisa, vilifunguliwa 2024, kila kimoja kinachukua sita, jiko kamili, msitu pande zote, na boti ya kwenda Magic Kingdom. Bafu moja. Nimeshasema nilichosema kuhusu bafu.

6. Vyumba viwili All-Star au Pop Century

Ndizo hoteli nafuu zaidi ndani ya Disney. Vyumba ni vya watu wanne, safi, vidogo. Ombeni vyenye mlango wa kati na mpate uthibitisho kabla ya kulipa, la sivyo mtaishia bibi yuko jengo lingine na begi la pampasi. Kati ya hizo, Pop Century ina Skyliner, kwa hiyo ndiyo ningelipia nyongeza.

Sasa tiketi, kwa ufupi. Aliye chini ya miaka mitatu anaingia bure. Kuanzia mitatu hadi tisa ana bei ya mtoto, pungufu kidogo tu ya ile ya mkubwa, na wa kumi ni mtu mzima machoni mwao. Kadiri siku zinavyoongezeka, bei ya kila siku inashuka, lakini hiyo isiwe sababu ya kumkatia bibi siku tano kwa kumfurahisha. Mbili zinamtosha, na moja iwe ya Animal Kingdom. Humo kuna mji wa kubuni unaoitwa Harambe (wameikata e moja, sijui walimwachia nani), umejengwa kwa kuiga Lamu, na kuna duka la vitu vitamu linaloitwa Tamu Tamu. Safari ya kuangalia wanyama haina kipimo cha urefu wa mpandaji, mnapanda wote saba.

Chakula cha nyumbani kinaruhusiwa viwanjani, mradi si chupa za kioo wala pombe. Tuliingia na chapati kumi na nne kwenye foili na mlinzi akaulizia tu harufu. Kigari kisizidi upana wa inchi 31 na urefu wa inchi 52, na mikokoteni ya kuvuta hairuhusiwi. Kiti cha magurudumu kinakodishwa mlangoni. Mama alikataa siku ya kwanza, siku ya pili akakiomba mwenyewe, siku ya tatu wajukuu wakawa wanagombea kukisukuma.

Kwa vyombo ambavyo mdogo hawezi kupanda, ombeni Rider Switch: mzazi mmoja anabaki na mtoto, mwenzake akishuka anapanda yeye bila kupanga foleni upya. Na mpimeni mtoto nyumbani kabla hamjamwahidi kitu. Treni za kasi za Seven Dwarfs Mine Train na Slinky Dog Dash zinataka mtoto awe na urefu wa inchi 38, karibu sentimita 97. Sisi tulipiga mstari wa penseli ukutani jikoni, pembeni ya friji. Wa miaka minne aliuvuka kwa upana wa kidole. Mstari bado upo, na mdogo wake kila Jumapili anakwenda kusimama pale, visigino juu.