Nyasi bandia zilizofumuka juu ya udongo wa mfinyanzi: fundi wawili, kazi mbili tofauti

Uwanja wetu wa nyuma una kama mita za mraba 40 za nyasi bandia. Mwaka wa nne kiungo kikubwa cha katikati, pale vipande viwili vya nyasi vinapokutana, kikaanza kuachia. Mwanzoni ulikuwa ufa mwembamba unaoonekana ukiinama. Baada ya kiangazi kimoja mtoto aliweza kuingiza vidole vyote, na alijikwaa hapo akaumia goti. Kando ya ukuta palikuwa na bonde linalotuamisha maji kila mvua ikinyesha, na karibu na dirisha kubwa nyuzi zilikuwa zimejikunja na kugandamana kama plastiki iliyokaribishwa moto.

Fundi wa kwanza alikuja na kopo la gundi na mkanda wa kuunganishia. Aliinua kingo mbili za kiungo, akatandika mkanda, akapaka gundi, akabana, akaondoka. Kazi ya saa mbili, saa sita mchana, jua likiwaka. Ilipendeza kwa muda mfupi. Mvua zilipopita na ardhi ikakauka tena, kiungo kilifunguka palepale, na safari hii mkanda uling'oka na gundi yake. Simlaumu kwa uvivu. Alitibu kidonda bila kuuliza kilichokichuna, nami sikujua la kumuuliza.

Wa pili aliuliza maswali kabla hajagusa kitu. Maji ya paa yanaelekea wapi? Ufa unapanuka msimu gani? Kisha alivuta kipande cha nyasi pembeni akanionyesha udongo: umepasuka vipande vipande, mpasuko mmoja ukimeza kalamu nzima. Mita mbili kutoka hapo, bomba la mfereji wa paa linapomwaga maji, udongo uleule ulikuwa umevimba na kunata. Udongo wa mfinyanzi hunywa maji ukafura, ukikauka hunywea na kupasuka. Nyasi zetu zilikuwa zimelazwa juu ya tabaka jembamba la mchanga, na chini yake upande mmoja ukipanda huku mwingine ukishuka. Hakuna gundi inayoweza kushikilia hapo.

Kwa hiyo kazi yake ya kwanza haikuhusu nyasi kabisa. Aliligeuza bomba, akalirefusha hadi maji yamwagike mbali na uwanja. Ningependa kila mwenye tatizo kama langu aanzie hapo, maana ni kazi ndogo, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakituharibia msingi kila mwaka.

Kisha akaikunja nusu ya nyasi kama mkeka, akachimba sentimita 12. Alinyunyiza maji kidogo kwenye udongo uliobaki kabla ya kuushindilia. Nilishangaa, kwani si tulikuwa tunayakimbia maji? Akaeleza kwamba udongo ulioshindiliwa ukiwa mkavu kabisa hungoja mvua ya kwanza ili ufure, na kuinua kila kitu kilicho juu yake. Juu akatandika kitambaa kizito cha kutenganisha udongo na mawe, ili kokoto zisizame kwenye tope na tope lisipande. Ndipo zikaja kokoto zilizosagwa pamoja na vumbi lake, sentimita 10 kwa jumla, katika tabaka mbili, kila tabaka likilowanishwa na kupigwa mashine. Kwa pimamaji na ubao mrefu akahakikisha uwanja unateremka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba.

Kiungo alikifunga siku iliyofuata, alfajiri. Nyasi hizi ni plastiki, hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Ukiunganisha mchana zikiwa zimetanuka, usiku zinanywea na kuvuta kiungo. Isitoshe, gundi ya poliurethani kwenye jua kali huanza kushika kabla hujamaliza kulaza upande wa pili. Alikata kutoka upande wa chini, kati ya safu na safu za mishono ya nyuzi, kwa wembe mpya, akaacha nafasi kati ya vipande viwili iwe sawa na ile iliyopo kati ya safu zenyewe. Alitumia muda mrefu kuzichambua nyuzi kwa vidole zisinaswe kwenye gundi. Akaweka mifuko ya mchanga juu, akatukataza kukanyaga hadi kesho yake.

Pale palipoyeyuka alinipa wazo ambalo nisingelipata. Kipande kipya kingeonekana kama kiraka, kwa sababu jua limekwisha kuzifubaza nyasi za zamani. Basi akakata kipande cha zamani nyuma ya tangi la maji, pasipoonwa na mtu, akakiweka dirishani akiangalia nyuzi zilale upande mmoja na za jirani, na kile kipya akakipeleka nyuma ya tangi. Nikitafuta alipounganisha, napapasa kwa mkono. Kilichoziyeyusha ni kioo cha dirisha chenyewe: ni cha aina inayorudisha joto, na alasiri mwanga wake ulikuwa ukijikusanya mahali pamoja. Tumeweka wavu wa kivuli kwa nje ya kioo.

Lalamiko langu ni mchanga wa kujazia, ule unaomwagwa kati ya nyuzi ili zisimame. Alirudisha ule wa zamani tu, na nyuzi zikalala ndani ya wiki. Ilibidi nimwite tena aongeze mchanga wa silika, wote ukafika kama kilo 7 kwa mita ya mraba, na kusugua kwa brashi ngumu kinyume cha nyuzi. Pia aliniachia lundo la udongo uliochimbwa. Mapatano ya nani ataubeba yafanywe kabla ya kazi.

Joto hakulitibu, wala hakuahidi kulitibu. Saa 8 mchana kipimajoto changu kilisoma nyuzijoto 66 za Selsiasi juu ya nyasi. Maji hupoza, lakini si kwa muda mrefu, kwa hiyo watoto hucheza asubuhi na jioni, na kwa viatu.

Misimu miwili ya mvua imepita na kiangazi kimoja kikali. Kiungo kimeshika, na bonde la ukutani limekauka. Ila chini ya mti, ambako mizizi hunyonya unyevu wote, ardhi imeshuka tena kama sentimita 1. Fundi alikuwa ametuonya juu ya kona hiyo, ndiyo maana pale hakupaka gundi ukingoni: alipiga misumari tu, kila sentimita 15. Wiki iliyopita niling'oa misumari minane, nikainua ukingo, nikaongeza vumbi la mawe, nikashindilia kwa mkono na kurudisha. Nilimaliza kabla jua halijapanda.