Cyber ya Mwembe Tayari, kompyuta imemsomea mwanangu kwa Kiswahili

Nyota nne. Mwanangu ana miaka 13, mjanja, akikuhadithia mechi ya Bandari utadhani yeye ndo alokuwa refa, lakini mpe ukurasa asome, b inakuwa d, mstari unampotea, arudia ule ule mpaka machozi yamtoka. Nimeambiwa huyo mvivu mpaka nimechoka kusikia.

Sasa juma lililopita nilienda kuprinti fomu zangu kwenye cyber moja hapo Mwembe Tayari, Mombasa, kijana wa pale akamuona vile anavyohangaika, akanambia "mama, huyu si mvivu, hebu nimuoneshe kitu." Akafungua Edge, ile brauza ya Microsoft inayokuja na Windows na sie sote twaipita twakimbilia Chrome, akatafuta habari ya Bandari, akabonyeza F9. Wallahi matangazo yote yakapotea! Yakabaki maandishi matupu, akayakuza, akayaachanisha, akageuza rangi ya nyuma, halafu akaweka ile ya mstari mmoja mmoja, yaani kwengine kote giza waona unaousoma tu (ukizoea waweza kuweka mitatu au mitano). Kisha akawasha sauti. Mie nilidhani atasoma Mzungu anayetafuna maneno yetu, kumbe zipo sauti mbili za Kiswahili cha Kenya, Zuri na Rafiki, tukachagua Zuri, akapunguza spidi, na kila neno likisomwa lapakwa rangi. Mwanangu akawa afuata na kidole kwenye skrini. Akamaliza habari nzima, kisha akairudia bila sauti, pole pole, peke yake, na mie nikageukia dirishani nisionekane ninavyolia.

Kurasa nyengine F9 haifanyi kitu, hapo chagua maandishi kwa mausi, bonyeza kulia utaona pa kuyafungulia, pameandikwa "Open in Immersive Reader", ndo jina la hicho kisomeo. Na sauti zile zataka intaneti, nyumbani bando ikiisha na Zuri amenyamaza.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu kila tukirudi mashine imefuta vile tulivyopanga, yabidi kuanza upya, na mtoto kama huyu hataki vitu vinavyobadilika badilika. Hedifoni zao pia zalia upande mmoja. Lakini yule kijana hachoki, aeleza mara tatu na hapandishi sauti, na hakunidai hata ndururu zaidi ya ile shilingi moja kwa dakika.

Nendeni asubuhi, jioni watoto wa gemu wamejaa na kelele haisemeki. Na bebeni earphone zenu.