Kopo la mayai ya atemia kwa vifaranga wa kambale: nimelitumia, haya ndiyo niliyoyaona

Nimeshamaliza makopo mawili ya mayai ya atemia, vijidudu vya maji ya chumvi vinavyoanguliwa ili vifaranga wavile vikiwa hai, na la tatu liko mkononi. La kwanza lilikuwa rahisi kuliko yote, na ndilo lililonila hela nyingi zaidi. Naandika kwa mtu anayetotolesha kambale kwa ndoo na mabeseni kama mimi.

Vifaranga wa kambale wakishaangua, wanaishi kwa kiini walichotoka nacho kwenye yai. Maji yakiwa na nyuzi 28 hivi, kiini hicho kinaisha kwenye siku ya tatu, na hapo wanaanza kuzunguka chini ya beseni wakitafuta cha kula. Tatizo ni kwamba tumbo lao bado halijawa tumbo; unga wa samaki unapita hivihivi au unabaki chini unaoza. Mara ya kwanza niliwapa kiini cha yai la kuku lililochemshwa, nikakichuja kwa kitambaa nikijiona mjanja. Jioni maji yalikuwa meupe kama maziwa, asubuhi nikaokota maiti. (Wenzetu wa perege hawayajui haya. Vifaranga wao wanaanza na unga uliosagwa vizuri na maisha yanaendelea.)

Basi nikanunua kopo. Muuzaji alikuwa ameyapima upya kutoka kwenye mfuko mkubwa, kwa hiyo halikuwa na lebo yoyote ya maana. Niliyaloweka, kesho yake nikachota maji kidogo nikahesabu kwa kioo cha kukuzia: katika mayai kumi, yaliyoangua hayakufika manne. Hasara si hayo yaliyogoma tu. Mayai mazima na maganda yakiingia kwenye beseni, vifaranga wanayameza, na ganda la atemia halisagiki. Linaweza kuziba utumbo.

Kopo la pili lilikuwa na lebo: kuangua asilimia 90, na zaidi ya vitoto 250,000 kwa gramu. Nilihesabu tena, na safari hii lebo haikunidanganya sana. Bei yake ilinifanya nimeze mate, lakini ukigawanya kwa idadi ya vinavyoangua, ndilo lililokuwa rahisi. Tangu siku hiyo sinunui kopo lisiloandikwa asilimia, na likifika naloweka kidogo kwanza kabla hata jike wa kambale hajachomwa sindano ya kutagisha.

Mtambo wangu wa kuangulia ni chupa ya plastiki ya lita 2 iliyokatwa kitako na kupinduliwa, kizibo chini, mpira wa pampu ya hewa umeshuka mpaka kwenye shingo. Natia lita moja ya maji, gramu 25 za chumvi, soda ya kuokea kwenye ncha ya kijiko ili maji yasiwe na uchachu, halafu gramu moja au mbili za mayai. Hewa iwe ya kuchemka haswa, mayai yasipate pa kutulia. Taa iwe karibu, hasa saa za mwanzo baada ya kuyalowesha. Nilipoiacha gizani kuangua kulichelewa na kukawa kwa mafungu. Kwenye joto la nyuzi 28 saa 24 zinatosha. Chumba kikipoa, subiri zaidi.

Kuvuna ndiko kulikonichukua muda kujifunza. Unazima hewa, unaweka taa chini kwenye shingo ya chupa, unangoja dakika tano hadi kumi. Maganda yanaelea juu, mayai yaliyogoma yanazama, na atemia wenyewe wanafuata mwanga na kujikusanya kama wingu la rangi ya chungwa. Wanyonye hao tu kwa mpira mwembamba. Usiende kupiga soga ukawasahau, maana wakibanana bila hewa wanakufa wote. Wasuuze chumvi kwenye chujio la kitambaa laini, kisha walishe.

Na walishwe mapema. Atemia aliyeangua sasa hivi bado ana akiba yake ya mafuta, ila haachi kuitumia. Baada ya saa nane hivi amejivua gamba, amekua, amekonda, na ana mbio zaidi. Wanaobaki nawaweka kwenye friji, maji ya chumvi yakiwa kina kifupi, wanapunguza mwendo wa kuimaliza akiba hiyo. Kwenye maji ya kambale yasiyo na chumvi hawadumu, kwa hiyo natoa kidogo mara tano au sita kwa siku. Kipimo changu ni matumbo: kifaranga aliyeshiba anaonekana na doa la chungwa kupitia ngozi yake. Nikikosa doa kwa wengi, naongeza. Nikikuta chungwa limelala sakafuni, nimezidisha.

Sasa unafuu uko wapi? Kopo silitumii wiki mbili kama nilivyoshauriwa. Natumia siku nne au tano za kwanza tu, kisha napokeza kwa moina, wale viroboto wadogo wa maji wanaozaana majike peke yao. Wenyewe hula mwani na hamira, na haohao wanaishi kwenye maji ya kambale mpaka waliwe. Nawafuga kwenye pipa; kila siku navuna kama robo yake na linajaa tena. Nimeshaliua pipa zima kwa kutia hamira nyingi. Maji yakanuka, siku ya pili hakuna kitu. Ndiyo sababu nina mapipa mawili sasa, na hamira naiongeza pale tu maji yanapokuwa maangavu. Mbegu ya moina nilichota bwawani, na humo alikuwemo lava wa kereng'ende aliyejificha, akala vifaranga siku mbili nikidhani wanalana wenyewe. Chujeni mbegu ya bwawani.

Kopo lenyewe nalilalamikia mambo mawili. Maelekezo yake yameandikwa kwa wenye matangi makubwa, hakuna neno kwa mtu wa gramu mbili. La pili, likishafunguliwa halifungiki tena vizuri, na mayai haya yakivuta unyevu tu yanaanza safari ya kuangua isiyofika. Nilipoteza sehemu ya kopo la pili hivyo. La tatu nimeligawa kwenye vichupa vikavu vya kujaza hadi shingoni, vyote vimo kwenye friji, na nafungua kimoja kwa kila mtotoleo. Bado vinne.