Mvinyo mwekundu wa mashamba madogo ya Ufaransa: uanze na upi

Kabla hujatazama jina la eneo, tafuta ni nani aliyejaza chupa. "Mis en bouteille au domaine" maana yake mvinyo umejazwa palepale kwa mkulima. "À la propriété" hutumiwa hata na vyama vya ushirika. "Vieilles vignes", yaani mizabibu mizee, hayana umri uliowekwa na sheria, kwa hiyo usiyalipie ziada. Neno "Château" nalo halikuhakikishii chochote kuhusu ubora.

Chaguo la kwanza ni Morgon. Ni mojawapo ya maeneo 10 ya Beaujolais yanayouza kwa jina lake lenyewe, na zabibu yake ni Gamay. Tanini, yaani ule ukakasi unaokausha mdomo, ni laini na uchachu wake unaburudisha, ndiyo maana unafaa chakula chetu: tanini nyingi na pilipili vikikutana, mdomo unawaka zaidi. Chupa nzuri ya mkulima mdogo hupatikana Ufaransa kwa euro 12 hadi 20 hivi. Ukiona "Côte du Py", kilima chenye mwamba wa rangi ya samawati, tarajia mvinyo mzito kidogo unaoweza kukaa miaka mingi. Usiuchanganye na Beaujolais Nouveau, ambao hutoka Alhamisi ya tatu ya Novemba na hunywewa ndani ya miezi michache. Ukiukuta rafuni una miaka miwili, uache hapohapo.

Wa pili ni Chinon, wa bonde la Loire, unaotokana na zabibu ya Cabernet Franc. Mwaka wa baridi zabibu haziivi vizuri na mvinyo hunukia pilipili hoho mbichi. Mwaka 2021 ulikuwa hivyo. 2018, 2020 na 2022 ilikuwa ya joto.

Wa tatu ni Cahors, wenye zabibu ya Malbec isiyopungua asilimia 70. Ni mweusi na mkavu, mzuri kwa mbuzi choma, lakini ukiwa mchanga unakwaruza ulimi. Umimine kwenye jagi saa moja kabla ya kunywa.

Bordeaux ya bei ya chini ndiyo ya mwisho. Mara nyingi unalipia jina tu.

Dukani, kagua chupa yenyewe. Kizibo kilichochomoza juu ya mdomo, au michirizi inayonata chini ya kifuniko, ni dalili kwamba chupa ilipata joto safarini au stoo, na matunda yake yatakuwa na ladha ya kupikwa. Mvinyo wenye salfa (kihifadhi) kidogo huharibika upesi zaidi kwa njia hii, kwa hiyo ununue kwa muuzaji mwenye chumba chenye kiyoyozi. Ukiufungua ukanuka boksi lililolowa maji, kosa ni la kizibo. Rudisha chupa ikiwa bado imejaa.

Unywe ukiwa na nyuzi 14 hadi 16. Kwa joto la Pwani, itumbukize chupa kwenye ndoo ya maji na barafu kwa dakika 10 hadi 15.