TAHADHARI: MUUZA REDIO ZA UPEPO KARIAKOO NI TAPELI

Wenye magodauni, yadi na walinzi wa usiku, someni hii kabla hamjatoa hela.

Nimelizwa na yule kaka wa Kariakoo mwenye fremu ya juu, kioo kimejaa chaja. Baada ya yaliyonikuta godauni, nisingewaacha walinzi na simu za kitochi tu. Nikamwambia wazi: sitaki cha laini, sitaki cha bando, nataka redio za upepo, zile zinazoongea zenyewe bila mtandao wa simu, Buguruni iongee na Kimara. Akachomoa moja kwenye chaja, akabonyeza: "Chalinze, Chalinze, unanipata?" Ikajibu sauti safi, mkwaruzo hata mmoja hakuna. Akanikabidhi nibonyeze mwenyewe. Nikaongea na mtu wa Chalinze kwa mdomo wangu, akaniambia kwao mvua inanyesha! Ukutani picha za walinzi wa mahoteli, dukani wateja wawili wanamsifia. Nani angekataa? Nikalipa 280,000 kila moja. Hata jirani yangu nikampeleka dukani kwake, leo hata kumtazama jirani naona haya.

Usiku mmoja zikanyamaza zote kwa mpigo. Zote! Asubuhi fundi akatoa betri: laini hiyo hapo chini. Kumbe ni POC, zile redio zinazopita kwenye minara ya simu, na bando limekwisha. Laini zenyewe zimesajiliwa kwa alama za vidole za mtu nisiyemjua. Likitokea tatizo nitaeleza nini? Kumpigia, bila hata aibu: "Bosi, hiyo ni ada ya mwezi, 25,000 kila redio." Usipolipa anakufungia akaunti akiwa kwake. Ada hiyo hakuitaja siku ya kuuza, hata kwa bahati mbaya. Mwizi mkubwa!

POC si mbaya, kwa magari ya mikoani zinafaa sana, ila niambie ukweli niamue. Mimi nilitaka kitu kitakachoongea hata mtandao wa simu ukikata. Fundi ndiye aliyenifafanulia: redio ya mkononi ya wati 5, katikati ya maghorofa, inafika kilomita chache tu. Kwenda mbali unafunga ripita, mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena mbali, mahali pa juu, na unaomba masafa TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Masafa ya UHF ni kwa ndani ya majengo, ya VHF kwa mashamba na sehemu za wazi. Anayekuonyesha Chalinze kutoka Kariakoo kwa redio mbili za mkononi, bila ripita, anakuibia.

Toeni betri dukani, mtafute tundu la laini. Sauti ya POC pia inachelewa kidogo. Na daini risiti ya EFD, ile ya mashine, mimi alinipa karatasi ya kuandika kwa mkono.

TRA wamfuate, TCRA wamfuate, fremu ifungwe na alale ndani mpaka arudishe hela ya kila mtu. Nakwenda polisi Jumatatu asubuhi. Mwenye redio zake anitumie ujumbe, twende pamoja.