Moyo nyota tano, mguu nyota mbili: huduma niliyopata ya kupandikizwa mishipa ya moyo

Nimeshona nguo tangu usichana wangu, kwa hiyo swali langu la kwanza kwa daktari mpasuaji lilihusu uzi. Hakucheka. Alisema ni wa polipropilini, aina ya plastiki, rangi ya buluu, sindano imeungwa nao kiwandani kabisa bila tundu, na ule wa kuungia mishipa ya moyo ni mwembamba kuliko unywele, ndiyo maana anavaa miwani ya kukuza. Nikauliza kama utaoza. "Hauozi, mama. Utabaki humo humo." Hapo nikaanza kumhesabia nyota.

Hospitali siitaji jina, maana nina sifa zake na nina lawama zake. Ninachopima ni huduma nzima, kuanzia kikao cha kwanza mpaka kliniki ya marudio. Mishipa mitatu inayolisha msuli wa moyo wangu ilikuwa imeziba, mmojawapo ule wa mbele upande wa kushoto ambao madaktari wanauogopa kuliko yote. Mishipa ya namna hiyo haizibuliwi kama bomba la sinki. Wanachukua mshipa mwingine mwilini mwako na kuushonea chini ya pale palipoziba, damu ipate njia ya pembeni.

Kikao cha kwanza nakipa tano bila kusita. Nina kisukari, na nilikuwa nimeshasikia habari za stenti, vijibomba vya wavu vya kushikilia mshipa ubaki wazi, ambazo huingizwa kupitia mkononi au kwenye paja na mtu akatoka hospitali mapema. Nilitaka hizo. Daktari akanieleza kwamba kwa mwenye kisukari na mishipa mingi iliyoziba, utafiti uitwao FREEDOM, uliochapishwa mwaka 2012, uliwafuatilia wagonjwa 1,900 na ukakuta waliopasuliwa walikufa wachache na walipata mshtuko wa moyo mara chache kuliko waliowekewa stenti. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza kwamba waliopasuliwa ndio waliopata kiharusi zaidi. Muuzaji anayekuonyesha mwenyewe kasoro ya bidhaa yake nampenda.

Hatari yangu aliikokotoa mbele yangu kwa EuroSCORE, kikokotoo cha hatari ya upasuaji wa moyo: umri, figo, nguvu ya moyo, kisukari cha sindano, na kule kuwa mwanamke tu, ambako nako kunaongeza pointi. Alisema hospitali zinazofanya upasuaji huu kila siku hupoteza kama mgonjwa 2 katika 100, na wale wa kupangiwa wasio na matatizo mengine hata pungufu ya hapo. Nikamuuliza za kwao ni ngapi, na ni za wagonjwa wa aina gani. Ulizeni hilo la pili pia. Daktari anayekataa wagonjwa wagumu lazima hesabu zake zipendeze.

Halafu tukafika kwenye kitambaa chenyewe, yaani mshipa gani unatumika. Kwa ule wa mbele alitaka ateri ya ndani ya kifua, upande wa kushoto. Kazi hiyo ina historia. Vasilii Kolesov aliunganisha ateri hiyo na moyo kule Leningrad mwaka 1964, na mwaka 1967 René Favaloro, Muajentina aliyekuwa akifanya kazi Cleveland, Marekani, akaipa nguvu njia ya kutumia mshipa wa mguuni, ambao si ateri bali ni vena, mshipa wa kurudisha damu. Mwaka 1986 madaktari wa Cleveland hiyo hiyo wakaonyesha kwamba waliopata ateri ya kifuani kwenye mshipa wa mbele waliishi zaidi ndani ya miaka 10 kuliko waliopata mshipa wa mguuni peke yake. Ateri hiyo huachwa imeshikana na chanzo chake huku juu, ncha ya chini tu ndiyo inakatwa na kushonwa kwenye moyo, na ukuta wake umezoea presha tangu umezaliwa. Baada ya miaka 10, zaidi ya 90 katika 100 huwa bado ziko wazi. Mishipa ya mguuni iliyobaki wazi huwa kama nusu au zaidi kidogo.

Nikamwambia basi achukue ateri zote mbili za kifuani, kushoto na kulia. Akakataa. Mfupa wa kidari unapata damu kutoka kwenye ateri hizo hizo, na kwa mwenye kisukari kuziondoa zote kunaongeza uwezekano wa mfupa kutoshikana na kidonda kuingia usaha mpaka ndani. Kwa hiyo mshipa mmoja wa kifuani, miwili ya mguuni. Mguu huo mtausikia tena.

Niliuliza pia kama angeshona moyo ukiwa unadunda, maana wapo wanaojitangaza kwa hilo. Yeye anatumia mashine ya moyo na mapafu: unapewa heparini damu isigande, mshipa mkuu unaotoka moyoni unabanwa, moyo unamiminiwa maji baridi yenye potasiamu mpaka unatulia. Utafiti wa ROOBY wa mwaka 2009 ulikuta kwamba mishipa iliyoshonwa moyo ukidunda iliziba kwa wingi zaidi ndani ya mwaka. Nikamwambia hata mimi sishoni kitambaa huku mtu anakivuta, na hapo ndipo alipocheka. Ila alikuwa mwadilifu: mtu ambaye mshipa wake mkuu umejaa chokaa, kuubana kunaweza kurusha vipande hadi kwenye ubongo, na huyo ndiye wa kufanyiwa moyo ukidunda.

Chumba cha upasuaji siwezi kukipima, nililala. Kovu la kifua limenyooka, lakini kovu ni pindo la nje tu. Ushahidi ni kwamba ule mkazo uliokuwa unanikaba nikipanda ngazi haujarudi.

Chumba cha wagonjwa mahututi, nyota nne. Kuamka na bomba kooni ni kubaya, hakuna namna ya kukuremba: huwezi kusema, na kiu ni ya jangwani. Sista alikuwa akinilowesha midomo kwa sponji na kunieleza kila kitu kabla hajakigusa. Usiku mmoja moyo ulianza kukimbia ovyo, kengele zikalia, nikajua nakwenda. "Mama, tulia. Moyo umechokozwa, na hii tulikuwa tunaitegemea." Kweli, mapigo ya kuvurugika huwapata kama mmoja kati ya watatu au wanne baada ya upasuaji huu, mara nyingi siku ya pili au ya tatu. Alikuwa pale pale, dawa ikaingia kwenye dripu, kabla hakujakucha mapigo yalikuwa yamerudi kwenye mstari. Nyota moja nimeipunguza kwa sababu ya taa na makelele, mgonjwa wa kitanda cha pili alichanganyikiwa mpaka akawa anang'oa mirija.

Wodini kulikuwa na kijana wa mazoezi ya viungo, mwanangu yule Mungu ambariki, hakunihurumia hata kidogo. Kukohoa huku nimekumbatia mto, kuvuta pumzi kwenye kile kidude cha plastiki mpaka mpira upande juu, kuinuka kitandani bila kujisukuma kwa mikono. Nilimchukia, na mapafu yangu yakawa safi.

Sasa kasoro. Hakuna aliyenitajia sidiria. Wanawake wenye matiti makubwa, sikilizeni: uzito ule unavuta kidonda kushoto na kulia kila unapogeuka, na mfupa unahitaji wiki 6 hadi 12 kushikana. Nilimwelekeza binti yangu akashona: pamba tupu, mikanda mipana, bila waya, kulabu za mbele lakini zimesogezwa upande wa kushoto zisikandamize mshono. Maumivu yalipungua siku hiyo hiyo. Hospitali inayofungua vifua vya wanawake kila wiki ingeweza kuwa nazo kabatini.

Mguu ndio ulioniudhi. Walinikata kwa ndani kuanzia kwenye kifundo mpaka juu ya goti, mkato mmoja mrefu. Ipo njia ya kuutoa mshipa kwa kamera kupitia matundu madogo. Utafiti wa REGROUP wa mwaka 2019 ulikuta moyo haupati hasara yoyote kwa njia hiyo, na vidonda vya mguu vinavyoingia maambukizi vilikuwa vichache zaidi. Sikuambiwa kama ipo. Katika maelezo yote ya kabla, mguu ulipata sentensi moja, "tutachukua kidogo hapa." Karatasi ya kuruhusiwa ilikuwa na aspirini, statini ya kushusha lehemu, usinyanyue kitu kizito, usiendeshe gari. Mguu haukuwemo.

Nyumbani ulivimba, na karibu na goti kidonda kikaachia na kutoa maji. Nilipopiga simu wodini nikaambiwa nisubiri kliniki. Mwenye kisukari asubiri kliniki na kidonda kinachotoa maji! Nikaenda kituo cha karibu, muuguzi akakisafisha, akanipa dawa na kunifundisha kuweka mguu juu ya mto nikiwa nimekaa. Kilifunga, taratibu sana. Ganzi kwenye kifundo ipo mpaka leo, kwa sababu neva inapita sambamba na mshipa ule. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Pedali siisikii vizuri kwa mguu huo, nimejifunza kuanza na wa pili.

Je, ningewashauri muende? Kwa daktari yule na masista wa usiku, ndiyo, hata kesho. Lakini kabla ya kutia sahihi uliza wanachukua mshipa wa mguu upi, kwa mkato au kwa kamera, na kidonda kikitoa maji usiku wa manane unampigia nani. Hayo matatu nimewaandikia kwa barua na kuwaomba wayaweke kwenye karatasi yao. Wamenijibu kwamba namba ya simu wataiweka. Kuhusu kamera, hawajasema kitu.