Uzoefu wangu na "usiku wa Asia" kule Lamu, na lile bakuli nililokatazwa kugeuza

Nimekaa na hili jambo kama wiki mbili tatu hivi nikijiambia niachane nalo, wapi, bado linanichoma. Kama unaenda Lamu na umeona hoteli flani ya huko baharini inatangaza jioni ya matembezi na chakula cha Kiasia, soma hapa kwanza ndio utoe pesa zako. Jina la hoteli silitaji, wakisoma wenyewe watajijua.

Mie ni mtu wa Mombasa lakini nyanya yangu mzaa mama alikuwa wa Pate, kisiwa cha jirani na Lamu, kwa hivyo Lamu nikienda sijioni mgeni sana. Safari hii nilikuwa na rafiki yangu wa Nairobi ambaye hajawahi kufika, tukapanda basi mpaka Mokowe, tukavuka na boti, tukafika tumechoka lakini na hamu. Tangazo tuliliona pale tulipolala, limeandikwa kwamba utaona athari za India na China katika mji wa kale halafu ule chakula chao. Nikasema sawa, hii ndio yenyewe, manake hayo mambo mie nayapenda tangu mdogo. Tukalipa bei ile ile waliyolipa wazungu, wala hatukuomba kupunguziwa.

Tulikuwa watu wanane, sisi wawili na wageni sita wa ulaya. Kijana mtembezaji alianza vizuri, siwezi kumsingizia. Alitusimamisha kwenye mlango mmoja wa kuchonga akaonyesha yale maua ya yungiyungi yaliyotoka Uhindini, akapitisha kidole kwenye mfaa, ile nguzo ya katikati inayokutanisha mbao mbili, akaeleza mafundi bado wanachonga mpaka leo. Akaeleza kaskazi ikivuma inaleta majahazi kutoka India na Ghuba, kusi ikija yanarudi na boriti za mikoko. Hapo nilikuwa nafurahi kabisa na nilishaanza kumsifu kwa rafiki yangu.

Tukaingia kwenye nyumba moja ya kale. Ukuta wa ndani una zidaka safu kwa safu, vile vishimo vya chokaa vilivyochongwa ambavyo wazee wetu walikuwa wakipangia vyombo vya kauri. Katika kidaka cha kati kuna bakuli moja. Jeupe, lina maua mekundu na majani ya kijani, ukingoni limemeguka kidogo. Kijana akalionyesha kwa mkono akawaambia wale wageni kwa Kiingereza kwamba hili limeletwa na majahazi ya Zheng He, yule baharia mkuu wa China ya kale, lina miaka 600.

Moyo ukanishtuka. Manake bakuli hilo nalijua. Nyanya yangu alikuwa nalo, si la kufanana, ni maua yale yale rangi ile ile kama limepakwa kwa sponji, likikaa juu ya kabati na hakuna mtoto aliyethubutu kuligusa, na kila siku tuliambiwa ni la Uchina. Alipofariki ndio tukaligeuza kuliosha, kitakoni pameandikwa Maastricht. Maastricht ni mji wa Uholanzi! Kulikuwa na kiwanda huko cha Petrus Regout, karne ya 19 walikuwa wakitengeneza mabakuli ya aina hiyo na yakauzwa kwa wingi huku pwani kwetu, akina bibi wakayapanga zidakani pamoja na yale ya Kichina yenyewe.

Sasa mie sikutaka kumuaibisha mtu. Nilimwambia kwa adabu tena kwa Kiswahili ili wale wengine wasielewe, "Kaka, samahani, tunaweza kuligeuza kidogo tuone kitakoni?" Hakuniangalia hata. Akasema, "Dada, hii programu ni ya wageni. Wewe si wa huku huku? Haya utayaona kwenu." Halafu akawatafsiria wale wageni sijui nini wakacheka.

Wallahi nilihisi masikio yamepata moto. Nimelipa kama wao, nimesimama pale kama wao, halafu naambiwa si yangu kwa sababu ni yangu? Rafiki yangu akanishika mkono tutoke, nikakataa, nikabaki nimesimama nyuma ya watu kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Hata sasa nikiandika naisikia ile sauti yake. Na nyie mnaosema labda alikuwa amechoka, hapana, hakuwa amechoka, mgeni mmoja alimuuliza swali hilo hilo baadaye kuhusu sahani nyingine na akajibiwa kwa tabasamu na maelezo marefu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hakukuwa na haja ya kudanganya. Ukweli wa pwani hii unatosha na unabaki. Zheng He kweli alisafiri, kati ya 1405 na 1433, na Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415. Pale Manda, hapo ng'ambo tu ya maji ukisimama forodhani Lamu unapaona, watafiti waliokota mwaka 2013 sarafu ya enzi ya mfalme Yongle, na huyo alitawala 1402 hadi 1424. Kule Pate kuna hadithi ya mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo wakaoa Shanga na kizazi chao kikahamia Siyu, na mwaka 2005 msichana wa Siyu akapelekwa kusoma China kwa ajili ya hadithi hiyo. Iwe kweli isiwe kweli, ni hadithi yetu tumeibeba. Yaani una vyote hivyo mkononi halafu unachukua bakuli la Uholanzi!

Tukaenda kula. Jamani. Nilitegemea angalau tumbo litanituliza. Meza imetandikwa shuka jekundu, taa za karatasi zinaning'inia, spika inapiga filimbi za sijui wapi, wangeweka hata Juma Bhalo basi, mtu aliyeimba tarabu kwa mahadhi ya Kihindi ukasikia pande zote mbili za bahari kwenye sauti moja. Chakula chenyewe tambi za pakiti zilizolowa sosi ya soya, sambusa za kutoka friza katikati bado baridi, na kitu walichokiita biriani ambacho ni wali wa manjano na kuku wa kukaanga juu. Nikamwita weita nikaomba achari. Akaniuliza achari ni nini. Mtu anafanya kazi Lamu, achari haijui! Basi nikaamka kwenda msalani kunawa uso, manake machozi yalikuwa karibu.

Njia ya msalani inapita jikoni. Na hapo ndio nikasikia harufu. Hiliki, mdalasini, kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa rangi ya tende. Mama mmoja mtu mzima ameketi kwenye kibao, leso kiunoni, mbele yake sufuria ndogo. Nikamwamkia, shikamoo bibi, akaitika marahaba akaniangalia usoni akaona kuna kitu. "Ndoo, mwanangu, ndoo," akanisogezea kibao kingine.

Ile ilikuwa chakula chao wenyewe wafanyakazi. Wali kando, umetiwa zafarani kidogo punje mbili tatu zimebaki nyeupe, rojo la mbuzi kando, zito, nyama amelaza na papai bichi na maziwa lala tangu asubuhi inaachana na mfupa yenyewe. Vitunguu vya kukaanga juu. Achari ya embe ameiweka kwenye chupa ya jemu, kali mpaka sikio linawasha. Bhajia za kunde za moto. Nikamuuliza biriani hii amejifunza wapi, akasema kwa mama mkwe wake, naye alikuwa jirani na Mabohora, wale Waislamu wenye asili ya Uhindini, miaka mingi, walikuwa wakipikiana. Nikamuuliza mbona hii haipelekwi mezani. Akasema, bila hasira yoyote, menyu imetoka kwa wenye hoteli, wamesema wageni hawataki hii.

Nikamwambia kuhusu bakuli. Akacheka akaweka mkono kifuani. Kumbe bakuli ni lake! Hoteli walimuomba awaazime lipendezeshe ile nyumba, na yule kijana hajawahi kumuuliza. Siku ya pili asubuhi akanipeleka mwenyewe, akaingiza mkono kidakani taratibu kama anayemtoa kifaranga, akaligeuza. Muhuri nusu umefutika lakini herufi za mwisho zinasomeka, -richt. Akasema mama mkwe wake aliingia nalo siku ya harusi. Tulikaa kimya pale. Kidole changu kilikuwa kinapita kwenye zile herufi na nilikuwa namuona nyanya yangu kabisa, na kabati lake, na funguo kiunoni.

Kwa hivyo ukiniuliza niwape nyota ngapi, nilianza kuandika hapa nikiwa na nia ya kutoa moja na kumwambia kila mtu asikanyage. Lakini nikiwaambia msiende, yule mama atapikia nani? Basi labda tatu. Hapana, tatu ni nyingi kwa watu waliomficha mpishi wao wakaleta tambi za pakiti. Mbili. Ile biriani peke yake ni tano na mie sijawahi kula kama ile hata Mombasa, nawaomba radhi shangazi zangu. Matembezi ruka kabisa, nenda Makumbusho ya Lamu pale barazani upande wa bahari, utazame kwa nafasi yako na hakuna atakayekuuliza wewe wa wapi. Chakula, ukifika hotelini pita nyuma, amkia vizuri, sema unataka kile wanachokula wenyewe, na umlipe mkononi.

Kwa yule kijana, kama unasoma: sikuwa nataka kukushinda mbele ya wageni wako, nilikuwa nimefurahi kuliona bakuli. Ungeligeuza tu.

Mwezi ujao nikijaaliwa narudi, na mama yangu safari hii. Lile la nyanya tumeshalifunga ndani ya leso mbili, bibi amesema tulilete ayaone yakiwa pamoja, na achari anatuwekea chupa kubwa.